Bezaleli hakupewa mikono tu



Fungua nami kitabu cha Kutoka, sura ya 35, mistari ya mwisho. Tumezoea kuhubiriwa kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na mbao za hema. Mwenzake Oholiabu, wa kabila la Dani, alikuwa fundi wa nguo, mtarizi wa nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu na wa kitani safi. Lakini mstari wa 34 una jambo ambalo wengi tunaliruka: wote wawili walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha. Limetajwa mbali na ufundi wenyewe, kama karama nyingine.

Leo nazungumza nawe uliye mbunifu wa mitindo. Una duka Mbeya au Dar es Salaam, magauni yako ya harusi yanajulikana, na kwa muda sasa moyo unakusukuma urudi nyumbani Rungwe ukafundishe ushonaji. Unajua watakachosema pale stendi ya Tukuyu: mjini kumemshinda. Mtu akitoka ualimu kwenda biashara tunampongeza. Akitoka biashara kwenda ualimu tunamwombea!

Hutakuwa wa kwanza. Kemi Kalikawe, mbunifu aliyejulikana kwa chapa ya Naledi, alifungua chuo cha mitindo Dar es Salaam kwa jina hilohilo. Na huku kwetu huna haja ya kujenga chuo kipya. Katumba, kando ya barabara ya Uyole kwenda Kyela, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa Sweden. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi hupokea wasichana waliokatishwa masomo, wakiwemo waliopata watoto. Msichana wa namna hiyo hana muda wa kufundishwa na mtu ambaye hajawahi kuidai hela ya mteja.

Ila usidhani kujua kushona kunatosha. Wewe hukata kwa macho. Unaweka kitenge mezani, unapitisha mkasi, na mkono wa gauni unakaa begani bila kukunjamana. Mwanafunzi akikuuliza umejuaje, unabaki kumwonyesha tena. Kufundisha ni kulivunja lile unalolifanya kwa pumzi moja hadi liwe hatua kumi na tano: kwa nini nyuzi za kitambaa zifuate urefu wa mwili, kwa nini gauni lililokatwa kombo hujipinda likishafuliwa, kwa nini pamba iloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa ili isije ikarudi baada ya mteja kulipa. (Na kwa mvua za Tukuyu, hiyo ya kukausha ni somo linalojitegemea.) Halafu unakaa kimya huku mtu akiharibu mbele yako kitambaa ambacho ungekikata kwa dakika mbili. Subira hiyo haiji kwa sababu una jina kwenye maonesho ya mitindo. Ndiyo maana Morogoro kuna chuo cha kuandaa walimu wa ufundi stadi. Ulizia utaratibu wake kabla hujauza cherehani zako.

Kipato nacho kitashuka, hasa mwanzoni, na mwenzi wako ana haki ya kulijua hilo mapema. Tena siri ulizozitafuta kwa miaka utawapa watu ambao kesho watafungua vibanda mkabala na chako. Nadhani hofu hii ndiyo inayowazuia mafundi wengi kuliko suala la mshahara.

Hapo namkumbuka Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizokuwa akiwashonea. Ni habari nzuri, na tunaipenda kwenye ibada za akina mama. Lakini angalia kilichokuwa mikononi mwa wajane wale: nguo. Maandiko hayasemi kama yupo aliyekuwa amejifunza kwake kuzishona. Mungu alimfufua, sifa kwake. Mafundi wetu wengi tunawazika na mkasi wao, na mtaa unaanza upya.

Nawe usiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano, usifunge gazeti. Kwenye jimbo la Moravian lenye makao yake Rungwe, KKKT Dayosisi ya Konde hapa Tukuyu, na kwa ndugu zetu wengine, kila mwaka kwaya hushona sare, akina mama hushona vitenge vya umoja wao, vijana nao wana zao. Mara nyingi kamati hukusanya michango na kupeleka oda mjini, kisha Jumapili hiyohiyo tunawaombea mabinti wa kijijini wapate ajira. Mwalimu anaweza kuacha duka lake akaja. Wanafunzi wake watakapomaliza, watahitaji mtu wa kuwapa kitambaa cha kwanza.

Kwaya yenu inashona wapi sare za Pasaka?