Chumvi Hupandisha Mchemko, Lakini kwa Kiasi Gani?

Tia kijiko cha chumvi kwenye sufuria inayokaribia kuchemka, mapovu yataibuka papo hapo. Ndiyo maana wengi huamini kwamba chumvi huchemsha maji haraka. Mapovu hayo huletwa na punje zenyewe: kabla haijayeyuka, kila punje ni mahali pa mvuke kuanza kujikusanya. Baada ya sekunde chache sufuria hutulia, na sasa maji yanahitaji joto zaidi ili yachemke.

Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa. Chumvi ikiyeyuka, hugawanyika kuwa ayoni za sodiamu na za kloridi. Ayoni hizo zikichanganyika na maji, molekuli za maji zinazotoroka na kuwa mvuke hupungua, kwa hiyo lazima moto uongezwe. Mkemia Mfaransa François-Marie Raoult ndiye aliyeiwekea hali hii kanuni ya hesabu katika miaka ya 1880. Kinachopimwa hasa ni wingi wa chembe zilizoyeyuka, si aina yake. Kwa sababu hiyo gramu 10 za sukari, ambayo molekuli zake ni nzito na hazigawanyiki, hazifui dafu mbele ya gramu 10 za chumvi.

Hata hivyo, gramu 10 za chumvi katika lita moja hupandisha mchemko kwa chini ya nyuzi 0.2 tu za Selsiasi. Ili upate nyuzi moja kamili unahitaji gramu 58 hivi, chumvi nyingi kuliko ya baharini, na chakula hicho hakiliki.

Wachemshaji chumvi wa Uvinza, mkoani Kigoma, wao walifika mbali zaidi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi za huko. Kadiri maji yanavyopungua chunguni, chumvi hukolea na joto la mchemko hupanda. Maji yaliyokolea kabisa, yakiwa usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 108 hivi.

Sasa, kwa wanaopikia Denver, Marekani: maharage yakichelewa kuiva, msilaumu chumvi. Mji huo uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100 za Dar es Salaam. Kuzirudisha nyuzi hizo tano kwa chumvi kungehitaji yapata robo kilo kwa kila lita. Presha kuka hufanya kazi hiyo kwa kuubana mvuke ndani. Chumvi tieni kwa ajili ya ladha.