Panga Likipita: Kweli na Uongo Kuhusu Wachezaji Walioachwa

Ligi ikimalizika, simu za watu wa Mtwara huanza kupokea picha za migongo. Mchezaji kageuka, namba ya jezi inaonekana, juu yameandikwa maneno mawili ya Kiingereza, Thank You, na chini mistari miwili mitatu ya kumtakia heri huko aendako. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati hakuna anayehitaji mkalimani: panga limepita. Nusu saa haijaisha, kijiweni kila mtu ameshakuwa mtaalamu wa usajili. Maneno yatakayosemwa unayajua, na bila shaka mengine umewahi kuyasema wewe mwenyewe. Tuyapime.

"Mchezaji akishaachwa, kaisha."

UONGO. Klabu ikimwacha mtu inaangalia nafasi kwenye orodha, fedha na matakwa ya kocha. Kiwango nacho kimo, ila si lazima kiwe sababu ya kwanza. Chukua wageni. Kwa misimu ya karibuni kanuni za Ligi Kuu zimeruhusu klabu kusajili wageni 12. Akiletwa wa 13, lazima mmoja afungashe, hata kama juzi kafunga bao.

Mwaka 2017 John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni waliondoka Azam wakaenda Simba. Miaka minne iliyofuata Simba wakachukua ubingwa mara nne mfululizo, na msimu wa 2020/21 Bocco akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Miaka mitatu minne tu baada ya watu kudhani mzee kachoka.

Au mkumbuke Juma Kaseja. Simba walimwacha mwaka 2013, akapita Yanga, akazunguka timu za mikoani, na wengi wakaanza kumtaja kwa wakati uliopita. Agosti 2019, akiwa kipa wa KMC, alisimama golini Kasarani, Nairobi, Taifa Stars ilipoitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika mchujo wa CHAN. Wazee waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hapa walikuwa sahihi kabisa.

Wapo waliokwisha kweli, sikatai. Ila picha ya mgongo haitakwambia ni yupi. Anza na barua ya kuachwa na usome tarehe: mkataba umefika mwisho wenyewe, au umevunjwa katikati ya safari? Kisha nenda mazoezini ukamwangalie anavyogeuka upande wa goti lililowahi kuumia. Anayelilinda hupiga vihatua vitatu vidogo pale ambapo mwenzake anageuka kwa kimoja. Hapo utajua mengi kuliko yaliyomo kwenye video ya mabao yake uliyotumiwa na wakala.

"Hakuachwa bure, kafungwa huyo."

UONGO, na hapa sitakaa sana. Timu zetu, kwa hofu ya uchawi, zimewahi kupigwa faini kwa kukwepa mlango rasmi na kupenya uwanjani kwa njia za ajabu, na zikafungwa mabao vilevile. Mchezaji aliyepoteza namba mara nyingi ana sababu inayoonekana kwa macho: jeraha, kocha mpya, au mtu mwingine kwenye nafasi ileile anayekimbia zaidi yake.

"Aliyeachwa ni wa bure."

UONGO. Kilichoondoka ni kitu kimoja tu, ada ya uhamisho inayolipwa klabu anayotoka. Fedha ya usajili anataka, mshahara anataka, wakala anataka chake, na chumba cha kulala Mtwara hakijalipiwa. Tena mchezaji huru anajua kwamba ada imeokolewa, kwa hiyo anataka sehemu ya hiyo iliyookolewa iingie mfukoni mwake. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Kuna na gharama za nyuma ya pazia. Kanuni za FIFA zinasema kijana akihamia nchi nyingine kabla ya kumalizika mwaka anaotimiza miaka 23, klabu zilizomlea zinaweza kudai fidia ya mafunzo hata kama hakuna ada iliyolipwa. Na kwa watu wa huku mpakani, nchi nyingine haiko mbali. Ukivuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kuichezea timu ya Msumbiji, huo ni uhamisho wa kimataifa, unaohitaji hati yake kutoka chama hadi chama, hata kama ng'ambo ya mto unaiona kwa macho.

Kwa klabu inayoacha ndiyo usiseme. Kumvunjia mtu mkataba bila sababu ya haki ni deni. Kutomlipa mishahara ya miezi miwili kunampa haki ya kuandika notisi ya siku 15 na kuondoka, na bado akakudai. Ukikaidi, FIFA wanakufungia kusajili. Hata klabu kubwa za Dar es Salaam zimewahi kuionja adhabu hiyo.

"Tungekuwa na drafti kama wenzetu, timu za chini zingenyanyuka na vijana wetu wangeonekana."

UONGO, ingawa unavutia, na ndio uliobeba mengi.

Drafti ni zamu ya kuchagua vijana wapya: aliyeshika mkia anachagua wa kwanza, bingwa anachagua nyuma. Waaustralia wanaitumia tangu 1986 katika kandanda lao la mpira wenye umbo la yai. Lakini kabla ya drafti kila klabu lazima ipunguze watu ili nafasi zipatikane, na hao waliopunguzwa hawayeyuki. Aliyeachwa anaweza kusajiliwa na klabu nyingine bila klabu hiyo kutumia zamu yake, au akajiandikisha achaguliwe upya pamoja na vijana wa miaka 18. Mwaka 2018 Gold Coast walimwacha kiungo Jarryd Lyons, Brisbane wakamwokota, akawa nguzo yao ya katikati.

Sasa angalia nani anaumia. Kijana bora wa mwaka haguswi. Hakuna timu itakayoacha kumchagua kwa sababu kuna mzoefu sokoni. Anayeumia yuko mkiani mwa foleni, yule ambaye angechaguliwa mwisho mwisho kwa majaribio. Klabu inajiuliza: nimlee huyu miaka mitatu au nimchukue huyu aliyeachwa, ambaye kesho anacheza? Mara nyingi jibu ni kesho. Na kuhusu timu za chini kunyanyuka, hao hao Gold Coast waliingia ligi hiyo mwaka 2011 wakipewa upendeleo mkubwa wa kuchagua, na hatua ya mtoano hawakuigusa hadi 2025.

Mfano mwingine tunao nyumbani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Kufikia mwisho wa 2014 alikuwa ameshatoka kwenye ligi hiyo. Hakuwa mchezaji mbovu. Kufika pale tu ni jambo la kujivunia. Lakini namba ya zamu ni makisio ya watu waliokaa mezani, nao hukosea wakiwa wamevaa suti.

Ila kama kuna mtu anayeweza kuwaeleza wana Mtwara maana ya kuachwa na kuchaguliwa tena, ni mzaliwa wa hapahapa. Nizar Khalfan alijiunga na Vancouver Whitecaps ya Kanada mwaka 2009, na klabu ilipoingia ligi ya MLS mwaka 2011 naye alikuwamo. Mwisho wa mwaka huo wakamwacha. Hakukaa bila timu: Philadelphia Union wakamchukua kupitia utaratibu wa ligi ile, ambamo jina la aliyeachwa liliwekwa mezani na klabu nyingine zikapata nafasi ya kumdai. Kumbuka kwamba katika utaratibu huo si mchezaji anayeuliza klabu ipi iko karibu na familia yake. Kufika 2012 Union nao wakaachana naye, akarudi nyumbani kuichezea Yanga. Mfumo ule unaosifiwa kijiweni ulimpa nafasi ya pili haraka, na ukaifunga haraka vilevile.

"Walioachwa na timu za Dar wanaziba njia ya vijana wa Kusini."

KWELI, lakini si kwa namna inayosemwa.

Orodha ya usajili ina kikomo. Kila jina la mzoefu aliyeshuka kutoka Dar ni kiti kimoja kimeondoka. Kocha anayekimbia kushuka daraja hana muda wa kulea. Anamtaka aliyekwisha kuzomewa na mashabiki elfu hamsini asitetemeke. Na kama kule Australia, kijana anayekosa kiti si yule nyota wa ndondo ambaye mawakala wameshamwona. Huyo ataenda Dar kwa vyovyote. Anayekosa ni wa tatu, wa nne, yule beki mtulivu anayehitaji msimu mmoja wa kukosea. Wahenga wa pwani walimwona huyo mapema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mzoefu wa mkataba wa miezi sita ndiye msala wenyewe, maana dirisha dogo likifika keshaanza kuulizia nauli.

Hata hivyo usimtupie mzigo wote. Ndanda wa hapa Mtwara walikaa Ligi Kuu misimu sita, kuanzia 2014/15 hadi waliposhuka mwisho wa 2019/20, na jukwaa la uwanja wao wa Nangwanda Sijaona lina kila aina ya maelezo ya anguko lile. Lakini msimu huohuo waliposhuka, jirani zao Namungo wa Ruangwa, wageni kabisa kwenye ligi, walimaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Msimu uliofuata wakacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nao walikuwa na watu waliozunguka. Mshambuliaji wao Relliants Lusajo alikuwa amewahi kupita Yanga. Kwa hiyo aliyeachwa hawezi kuwa sumu kwa jina tu. Swali la kumuuliza kiongozi wa timu ni dogo: huyu anakuja kucheza na kumfundisha nani?

"Dirisha likifungwa, asiye na timu asubiri mwakani."

KWELI kwa walio wengi, si kwa wote. Kanuni za FIFA zinaacha upenyo: mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla dirisha halijafungwa anaweza kusajiliwa hata baadaye, chama cha nchi husika kikiruhusu. Kuna na jingine ambalo mashabiki huliita usaliti bila sababu. Mchezaji aliyebakiza miezi sita kwenye mkataba ana ruhusa ya kuzungumza na kusaini klabu nyingine. Kwa hiyo anayemaliza Juni, mazungumzo ya Januari ni haki yake, wakati hela ya korosho bado iko mitaani na wadau wa timu wanapokea simu kwa furaha.

"Aliyeachwa lazima awafunge waliomwacha."

UONGO, japo ni mtamu kuliko yote. Tunakumbuka bao moja la kisasi miaka kumi na tunasahau mechi ishirini ambazo mhusika alikaa benchi. Jaribu msimu ujao. Kabla ya mechi, si baada, andika majina ya wote waliowahi kuachwa na timu pinzani, na uwaandike wote: mshambuliaji mwenye kelele, beki wa akiba, hata kipa wa tatu. Refa akipuliza ya mwisho, hesabu wangapi wamefunga. Yule kipa hatakuwa amefunga, na kijiweni hakuna atakayemtaja, lakini naye aliachwa, kwa hiyo usimtoe kwenye hesabu.