Wazima Moto Wasivunjike Moyo

Ziko kazi ambazo matunda yake huonekana kwa macho. Mwashi huonyesha nyumba, na mkulima huonyesha kahawa yake. Mzima moto ataonyesha nini? Akifaulu, nyumba husimama kama ilivyosimama jana, na watu husahau upesi. Akishindwa, majivu humshuhudia. Kwa hiyo twaona yafaa leo tuseme juu ya watu hawa, na juu ya kinachowapa moyo wa kuendelea na kazi yao.

Tuutazame Mlima Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji kati ya Mandara na Horombo. Upepo ulikuwa mkali na majani yalikuwa makavu. Watu zaidi ya 500 walipanda kuukabili: askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi na wanavijiji. Huko gari la zimamoto halifiki. Walikwenda kwa miguu, wakapigana kwa zana za mikono na matawi ya miti, mahali ambapo hewa ni nyepesi na baridi ya usiku ni kali. Kilomita za mraba zipatazo 95 ziliungua. Oktoba 2022 moto ulizuka tena, karibu na kambi ya Karanga, na watu wakapanda tena.

Mtu aweza kuuliza: walifaulu nini, ikiwa eneo kubwa hivyo liliteketea? Jibu liko chini ya mlima. Theluji ya Kibo ndiyo isifiwayo, lakini msitu ndio unaonasa mvua na ukungu, ukatupa maji yashukayo katika mito na katika mifereji ya wazee, yaani mifongo, hata yakafika migombani. Basi kila mti uliosalia ni ujira wa jasho lao. Mzima moto asihesabu kilichoungua peke yake. Ahesabu na kilichosalia. Hiyo ndiyo shukrani ya kwanza, nayo hutoka moyoni mwake mwenyewe.

Walakini, iko huzuni isiyofutika kwa hesabu. Mwezi Juni, 1994, wasichana wapatao 40 waliteketea bwenini katika shule ya Shauritanga, wilayani Rombo. Mwenye kazi hii hukutana na misiba, na kesho yake akiitwa hana budi kwenda. Mtu wa namna hii astahili vifaa vya kutosha, mafunzo yasiyokoma, na wenzake wa kumsikiliza. Asihesabiwe dhaifu akisema kwamba moyo wake umeumia.

Nasi wananchi je? Mara nyingi gari la zimamoto lifikapo twalipokea kwa matusi kwamba limechelewa, hali sisi ndio tuliochelewa kupiga 114, au tuliojenga tukaziba njia. Wako hata wapigao nambari hiyo kwa mzaha, na huku mwenzao anaunguliwa. Mambo haya humvunja mtu moyo kuliko miali ya moto.

Kumshukuru mzima moto si kumpigia makofi tu. Mrina asali asiache kinga kikifuka moshi msituni. Mpagazi ahakikishe jiko lake limezimika kabla ya kuondoka. Mwenye shamba asichome majani siku ya upepo. Mwenye nyumba mjini Moshi aache nafasi ya gari kupita, naye mwalimu mkuu ahakikishe milango ya bweni yafunguka upesi usiku.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sisi twaongeza kwamba mkono na mkono ndipo uzimikapo. Juu ya mlima huu, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge wa Uhuru. Huo ndio moto tuutakao Kilimanjaro. Nao wauzimao ule mwingine tuwaheshimu hata siku ambazo hatuoni moshi.