Dakika za Kwenye Video Si za Jiko Lako

Anayeanza kujifunza kupika akiwa na miaka thelathini au arobaini hupika kwa saa. Amefungua video kwenye simu, mpishi kasema vitunguu dakika tano, nyanya dakika kumi, naye anatii kama mtahiniwa. Aliyekulia jikoni hakufundishwa hivyo. Alitumwa akaangalie maharage: achukue punje moja, aiminye kwa vidole, aseme yameiva au bado. Alifundishwa dalili, na kwa maoni yangu dalili ndizo somo lenyewe la upishi. Mapishi ya kwenye karatasi yanaweza kusubiri.

Dakika hubadilika kwa jiko, kwa sufuria, na hata kwa mji. Usawa wa bahari, Tanga au Mombasa, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda mlima, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kila mita 300. Mbeya na Nairobi, zilizo karibu mita 1,700 au zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yaleyale yaliyoiva upesi Tanga yatakuchelewesha Mbeya, na si kosa lako wala la muuzaji. Kuchochea moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapati joto zaidi, yanakauka tu. Kinachosaidia ni sufuria ya presha, maana mvuke uliobanwa ndani yake hufikisha joto karibu nyuzi 120.

Maharage ni darasa zuri kwa mgeni wa jikoni, kwa hiyo tubaki nayo kidogo. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo uweke mengine. Kinachoshikilia punje iwe ngumu ni pektini, aina ya gundi iliyo kati ya chembe za mmea. Joto na maji huilegeza, lakini uchachu huizuia isilegee. Ndiyo maana ukitia nyanya au ndimu mapema, maharage yatakaa motoni hadi gesi ikuishie. Chemsha kwanza yaive, ndipo uunge. Chumvi nayo imesingiziwa miaka mingi kwamba inakaza maharage. Ukitia kiasi kwenye maji ya kulowekea, hulainisha maganda. Magadi huivisha haraka kweli, ila huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni.

Kuna mahali pamoja ambapo nakubali saa itumike. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya saa chache. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa kweli, wa maji kutokota, kwa dakika zisizopungua 10, na nusu saa ni salama zaidi. Sufuria za umeme zinazopika polepole kwa joto dogo hazifiki huko. Anayezitumia ayachemshe maharage kwanza kwenye jiko la kawaida.

Sasa tuje kwenye kuunga, ambako wengi hukata tamaa. Kitunguu maji kina maji mengi, karibu asilimia 90 ya uzito wake. Maji hayo yakiwepo, joto la kitunguu haliwezi kupita sana nyuzi 100, na rangi ya kahawia yenye harufu ile ya pilau huja kwa wepesi joto likikaribia nyuzi 140. Kwa hiyo sikiliza. Mwanzo sufuria hupiga kelele na mvuke hupanda. Baadaye sauti hupungua, huwa ya chini na kavu, vitunguu hunywea, na kingo zake huanza kubadilika rangi. Hapo ndipo ukae karibu, kwa sababu kutoka rangi ya dhahabu hadi kuungua ni muda mfupi. Sufuria iliyojazwa kupita kiasi hucheleweshwa na mvuke wake yenyewe. Nyama nayo ukiirundika itachemka badala ya kukaangika.

Nyanya zina dalili yake, na wapishi wa pwani huitaja kila siku: mafuta yajitenge. Yakionekana yakimeta pembeni mwa mchuzi, ujue maji ya nyanya yamekwisha na ule ubichi umeondoka. Iwe ni dakika sita au kumi na sita, si hoja. Nyanya za masika zina maji mengi kuliko za kiangazi.

Nakuomba basi, chagua chakula kimoja, maharage yakipendeza, ukipike kila wiki mpaka ukijue kwa sauti na harufu. Video itazame kabla ya kuwasha moto, halafu simu iache sebuleni.