Sifa au Tendo? Maneno ya Kiingereza Yanayotatiza Wengi

Wasomaji wetu wengi wakaao Temeke, Kinondoni na vitongoji vingine vya Dar es Salaam walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, maana tangu mwaka 1967 hiyo ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kisha walipofika sekondari walikuta masomo karibu yote yako kwa Kiingereza. Si ajabu basi kama baadhi ya maneno ya lugha ile huwatatiza hata baada ya kumaliza masomo. Leo twataka kueleza jambo moja ambalo, ingawa ni dogo, laweza kumharibia mtu barua yake ya kuomba kazi.

Tuseme kijana wa Tandika aomba kazi ya ukarani, akaandika, “I am interesting in this work.” Nia yake ni kusema ya kwamba apendezwa na kazi ile. Lakini ajuaye Kiingereza ataelewa kuwa mwandishi ajisifu: mimi ni mtu wa kuvutia. Atacheka, kisha labda ataiweka barua kando na kushika ya mtu mwingine. Ilimpasa kijana aandike “interested”.

Kosa hili huepukika kwa mtu ajuaye Kiswahili chake. Sisi twasema “nimechoka”, na twasema “kazi hii inachosha”. Wala hapana mtoto wa Mwananyamala awezaye kuyachanganya hayo mawili. Basi aliyechoka ni “tired”, na kinachochosha ni “tiring”. Aliyeshangaa ni “surprised”, cha kushangaza ni “surprising”. Aliyetishwa ni “frightened”, cha kutisha ni “frightening”. Kabla ya kuandika, jiulize kwa Kiswahili: je, jambo hili limempata mtu huyu, au yeye ndiye alietaye kwa wengine? Likiwa limempata, neno huishia kwa -ed. Akiwa ndiye alietaye, huishia kwa -ing. Kwa maoni yetu njia hii yafaa kuliko kukariri orodha ndefu.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili hakitusaidii sana. Tukisema “duka limefunguliwa”, twaweza kutaja tendo la kufungua, au hali ya duka kuwa wazi. Kiingereza hutenganisha. Hali ni “open”, tendo ni “opened”. Mwenye duka huona kibao cha jirani kimeandikwa “CLOSED”, akadhani mwenzake ni “OPENED”, akakipaka rangi na kukitundika mlangoni. Kumbe “closed” hutumika kwa tendo na kwa hali pia, lakini “open” ni sifa kamili, haihitaji kuongezwa kitu. “Opened” hufaa pale tu tunapotaja kilichotendeka: “The shop was opened at eight.”

Kadhalika chumba kilichofagiliwa asubuhi “has been cleaned”, na hilo halibadiliki. Lakini watoto wakiingia na matope, si “clean” tena. Na ng'onda, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani, ni “dried fish”, kwa kuwa alikaushwa. Ukimwambia mpishi “the fish is dry”, atadhani wamlaumu kwa kupika samaki mkavu asiyemezeka!

Yako pia maneno machache yenye desturi zao. Mlevi ni “a drunken man”, lakini tukisema amelewa ni “the man is drunk”. Haya hayana budi kuzoewa tu.

Limebaki neno “married”, ambalo huwapata hasa akina mama wanapojaza fomu. Kwetu mume huoa na mke huolewa. Kwa Kiingereza wote wawili ni “married”. Mama akifuata Kiswahili, “nimeolewa na fulani”, huandika “I was married by” na jina la mumewe. Lakini “by” humtangulia mtenda tendo, na katika ndoa ya Kiingereza mtenda ni yule afungishaye: kadhi, padre au msajili. Hivyo karani asomaye fomu aweza kudhani kuwa mume wa mama yule ndiye padre aliyefungisha ndoa. Mama na aandike “I am married to”, kisha jina la mumewe.