Sahani Inayopima Ziwa

Wanafunzi wetu, katika somo la tohara tumezoea kuyachunguza maji kwa rangi, ladha na harufu. Huko Minnesota, Marekani, tangu mwaka 1973 wako watu wa kawaida wanaochunguza ziwa zima kwa sahani na kamba, tena kwa kujitolea.

Sahani hiyo nyeupe, yenye upana wa sentimita 20 hivi, huitwa kwa jina la Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota wa Italia aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Mtu huenda kwa mashua mpaka penye kina, huiteremsha taratibu, na inapopotea machoni huandika urefu wa kamba. Hurudia hivyo majira yote ya joto, mwaka baada ya mwaka. Wavivu hawaiwezi kazi hii, kwani kipimo kimoja hakisemi kitu.

Sahani ikianza kupotea mapema kila mwaka, mara nyingi mbolea na maji machafu yameingia ziwani, fosforasi imezidi na mwani umestawi. Mwani huo ukifa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Ila tusidanganyike, sahani haionyeshi vijidudu. Maji maangavu kabisa yanaweza kutuharisha. Hayo hupimwa maabara.