Kreta Imejaa? Tuhesabu Kwanza Magari

Juma lililopita nilipata barua ya mzee mmoja wa Ngaramtoni, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Swali lake lilikuwa fupi: "Ndugu mtangazaji, ni kweli Ngorongoro imejaa?" Kijana wake ni dereva wa watalii. Amerudi nyumbani akisimulia kwamba mgeni wake, Mtaliano, aliteremka kretani asubuhi, akapanda mchana huku akilalamika kuwa ameona magari mengi kuliko simba. Mzee ana hofu. Wageni wakishaanza kusemezana kuwa kumejaa watakwenda kwingine, na kijana atarudi kumsaidia kupalilia mahindi.

Ningeweza kumjibu mzee wangu kwa neno moja, lakini jambo lenyewe ni zito kwa mji wetu. Toka Mnara wa Saa uende Sakina, au ushike barabara ya Moshi mpaka Usa River; hutatembea hatua mia kabla hujakutana na mtu anayekula kwa mtalii. Yuko fundi wa Land Cruiser, yuko mshona mahema, yuko mama anayeamka saa tisa za usiku kufunga lanchi boksi, yuko kijana anayeosha magari yenye vumbi la Serengeti. Mgeni mmoja akifuta safari yake, hasara hiyo inagawanywa kwa watu wengi ambao yeye hatawaona kamwe.

Mimi nilishuka kretani Agosti mwaka jana, nikiwa nimepewa kiti cha nyuma na dereva ninayefahamiana naye tangu enzi za kanda za kaseti. Tulitoka Karatu gizani. Tulipofika lango la Lodoare tulikuta foleni, na tulipofika juu ukungu ulikuwa mzito hata taa za gari la mbele zilionekana kama vibatari. Tukazunguka ukingo, tukateremka kwa njia ya Seneto, mita 600 hivi kwenda chini, gari nyuma ya gari. Jua lilipochomoza nikaliona bonde lote, na sitajaribu kulieleza, maana waliojaribu kabla yangu walishindwa. Nilichokigundua ni kwamba mistari ya vumbi ilikuwa mingi kama ile ya barabara ya Makuyuni siku ya mnada.

Kreta ile ni tumbo la volkano kubwa iliyobomoka ikadidimia ndani yake yenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Chini kuna eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Ni padogo. Ndani yake kuna nyumbu, pundamilia, nyati, simba, fisi, tembo wazee wenye pembe ndefu na faru weusi wachache, ambao miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 100 kabla majangili hawajawamaliza karibu wote. Barabara za kuingia na kutoka ni tatu tu: Seneto ya kuteremkia, Lerai ya kupandia, na ile ya Lemala upande wa mashariki inayotumika kwa kwenda na kurudi.

Sasa nieleze msongamano unavyozaliwa, kwa sababu wengi hudhani unatokana na wingi wa wageni peke yake. Wingi upo, sikatai. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii kutoka nje milioni 1.5, korona ikawapunguza mwaka uliofuata kufikia kama 620,000, kisha ikaja filamu ya Royal Tour mwaka 2022, na mwaka 2024 walifika zaidi ya milioni 2.1. Siyo wote waliokuja Kaskazini, wengine walikwenda moja kwa moja Unguja kulala mchangani. Lakini hata idadi ile ile ingeweza kupita kretani bila kugongana viwiko.

Kinachowagonganisha, kwanza, ni ratiba. Chukua karatasi za safari za kampuni kumi za hapa mjini uziweke pamoja: siku moja Tarangire au Manyara, siku mbili tatu Serengeti, siku moja kretani, mwisho wa safari. Kila gari linataka kuwa chini alfajiri, kwa kuwa kibali ni cha nusu siku na wanyama wanaonekana vizuri kabla ya jua kali. Kila gari linataka kula Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko, ambako mwewe wamezoea kunyakua paja la kuku mkononi mwa mgeni kabla hajalipeleka mdomoni. Nenda hapo saa saba mchana wa Agosti. Utadhani ni stendi ndogo.

Jambo la pili linanihusu mimi wa redio, kwa hiyo nitalisema kwa aibu kidogo. Ni redio kol. Dereva mmoja akiona faru anatangaza, tena kwa jina la mafumbo ili mgeni asielewe na kukata tamaa asipomkuta. Baada ya dakika kumi magari kumi na tano yanamiminika mahali pale. Tulifika kwa simba jike mmoja aliyelala kandokando ya njia. Nilihesabu magari 22, nikaacha kuhesabu. Simba yule alijinyanyua, akaenda kulala kwenye kivuli cha gari la tatu. Wageni walicheka. Dereva wangu hakucheka. Aliniambia, "Kaka, huyu ameshakata tamaa na sisi."

Nilimwuliza kwa nini basi asikae mbali. Akanijibu kwamba mgeni aliye nyuma yake amelipa maelfu ya dola, ana karatasi ya wanyama watano, na ametia alama wanne. Asipomwona wa tano, tipu inapungua na malalamiko yanapelekwa kwa bosi. Dereva aliyekaa mbali kwa heshima ya mnyama atabaki na heshima hiyo mfukoni mwake badala ya ada ya shule.

Wanyama wanalipa gharama gani? Jirani zetu wa Kenya wana jibu ambalo lilinishtua. Utafiti wa duma wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha duma jike wa maeneo yenye magari mengi na wale wa maeneo tulivu. Wa maeneo tulivu walikuza kwa wastani watoto zaidi ya wawili kwa kila uzao. Wa maeneo yenye magari mengi, wastani ulikuwa mtoto mmoja kwa uzao tano. Duma huwinda mchana kwa kuona na kukimbia. Gari likikaa kati yake na swala, mawindo yamekwisha, na watoto watalala njaa. Na hapa kwetu, Julai 2025, nani hakuona zile picha za video kutoka mto Mara, ndani ya Serengeti, watalii wameshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni, nyumbu wakikosa njia ya kuvuka? TANAPA ilibidi itoe tamko.

Hapo ndipo neno "kujaa" linaponipa taabu. Limekwisha kutumika sana Ngorongoro, ila kwa wengine. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikusudiwa iwe mahali pa watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi chini kretani waliondolewa. Kuanzia Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na hoja kubwa ya Serikali ni idadi: watu kama 8,000 wakati ule, zaidi ya 100,000 sasa. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walikaa barabarani siku kadhaa wakipinga. Hesabu hiyo ya watu na mifugo ni mjadala wenye pande zake, na siwezi kuumaliza kwa dakika kumi nilizopewa. Nasema tu kwamba kama tunao ujasiri wa kuhesabu ng'ombe wa mfugaji, tusione haya kuhesabu Land Cruiser.

Waitaliano, ndugu za yule mgeni wa kijana wetu, wameyaona haya kabla yetu. Wengi wetu tunawajua kwa Malindi na Kiwengwa, wakifuata jua, lakini kwao wanazo pwani ambazo majira ya joto hakuna pa kutandika taulo. Mji wa Venice, uliojengwa juu ya maji, ulianza mwaka 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa, kwa siku 29 za majaribio. Watu walilipa, wakaingia, na mji ukaendelea kufurika. Kisiwani Sardinia kuna ufuko uitwao La Pelosa, mchanga mweupe uliokuwa ukipungua kwa kubebwa kwenye miguu na taulo. Wao waliweka hesabu: watu 1,500 kwa siku, unajiandikisha mapema, unalipa euro 3.50, ukichelewa unarudi ulikotoka hata kama una fedha za kununua kisiwa.

Hizo ni njia mbili tofauti, na tofauti yake ndiyo jibu la swali la mzee. Venice ilitumia bei. La Pelosa ilitumia idadi. Ngorongoro mpaka sasa tumeegemea zaidi kwenye bei: gari la watalii linaloshuka kretani linalipiwa dola 250, na ukiongeza VAT ni dola 295, mbali na kiingilio cha kila mgeni. Ni fedha nyingi, na zina faida moja, kwamba zinahimiza kampuni ijaze viti badala ya kushusha gari na mtu mmoja. Lakini mtu aliyekwisha kulipa tiketi ya ndege kutoka Milano hatarudi Karatu kwa ajili ya dola 295. Tena bei ile ni ile ile Aprili, wakati wa masika na bonde limetulia, na Agosti wakati wa vumbi.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kujifunza kuhesabu. Huko Bwindi nchini Uganda, na kwenye volkano za Rwanda, kundi moja la sokwe hutembelewa na watu wanane kwa siku, na kwa saa moja tu. Wa tisa hapandi. Rwanda mwaka 2017 iliongeza bei ya kibali kutoka dola 750 hadi 1,500, na wako waliolalamika, lakini hata mwenye dola 15,000 hawezi kujifanya mtu wa tisa.

Mimi naona kreta nayo igawiwe kwa saa: magari kadhaa asubuhi, kadhaa mchana, yote yakiandikishwa kabla ya kuondoka Arusha. Na kwenye simba mmoja yasimame machache, mengine yasubiri zamu kwa mbali. Nimelizungumza hili na watu wenye kampuni ndogo, wale wenye gari moja au mawili la mkopo, na hawakufurahi. Wanasema, na wana haki, kwamba nafasi zikiwekwa kwenye kompyuta, kampuni kubwa zitazikomba za mwaka mzima kabla mnyonge hajafungua ofisi. Basi nafasi ziwe na fungu la wadogo, zisiuzwe mkononi, na asiyeitumia airudishe. Kazi ngumu, lakini mizani ya malori tumeiweka barabarani na inafanya kazi.

Na sasa, mzee wangu wa Ngaramtoni, nikukumbushe jambo ulionalo kila siku ukigeuza shingo kuutazama Meru. Upande wa pili wa mlima wako, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ipo kreta nyingine. Ngurdoto. Ni ndogo, upana wake kama kilomita tatu, na mwaka 1960 hifadhi yenyewe ilianza kwa jina lake. Haishukwi. Unasimama ukingoni, msituni kwenye mbega, unawatazama nyati wakiwa vidoadoa kwenye majani mabichi, basi. Hakuna gari hata moja chini. Hakuna simba pia katika hifadhi ile, na hiyo ndiyo sababu wageni huipitia siku ya kwanza wakiwa na usingizi wa ndege, au hawaipitii kabisa, ingawa iko mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini, na ina twiga wengi na maziwa ya Momella yenye korongo wekundu.

Jumapili iliyopita nilikwenda na wanangu. Tulikaa ukingoni pale muda mrefu, mdogo akauliza tunashuka saa ngapi. Nilimwambia hatushuki. Akauliza kwa nini, nikamwonyesha nyati.